Chokaa ya Torgny

Miaka arobaini Torgny amepiga lipu
kuta za makanisa ya Gotland,
chokaa kwenye kope, chokaa kwenye chai,
hivyo waliposema damu yake ina chokaa nyingi
nilicheka. Mimi mkewe. Nilicheka kweli.

Jiwe la kwanza la figo lilimtoka Krismasi,
akauma taulo. La pili, tukivuna viazi.
La tatu hakulisema:
nililikuta ndani ya kisanduku cha misumari,
dogo, la rangi ya kutu, limeviringishwa karatasi.

Wakasema ni uzee. Wakasema ni majira ya baridi,
jua linazama saa tisa alasiri, nani asiyenuna?
Ubavu ukavunjika kwa chafya.
Akasahau jina la mbwa.

Ndipo Mahnaz, daktari mpya wa zahanati,
akafukua majibu ya damu ya miaka sita,
akayapanga mezani kama karata.
Kila mara kalsiamu juu kidogo,
kila mara mwandiko uleule: si neno.
“Si neno mara sita,” akasema, “hiyo ni sentensi.”

Akapima homoni. Ilikuwa macho
saa iliyopaswa kulala.
Akanichorea shingo nyuma ya bahasha:
tezi nne, kila moja punje ya mchele,
mabawabu wa chokaa mwilini, na mmoja
amegeuka mwizi, anabomoa mifupa
na kumwaga kifusi kwenye damu.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chake kilikuwa shingoni.

Mashine ya mawimbi ya sauti haikuona kitu.
Wakamdunga dawa ya mnururisho, tukangoja saa mbili,
shingo nzima ikafifia
ila doa moja, chini, kushoto,
kama dirisha la mtu asiye na usingizi.

Tukavuka kwa feri hadi bara. Kikatolewa,
kikubwa kama njugu. Si saratani.
Lakini chini ya darubini
seli zake zilikuwa angavu kama maji matupu,
na mpimaji, mkongwe wa kazi,
aliwahi kuziona mara moja tu.
Akawaita wenzake waje wachungulie.
Torgny alijivuna wiki nzima.

Sasa vidole vinamfa ganzi.
Mifupa ina njaa, asema Mahnaz, inadai ilichoibiwa.
Usiku namsikia jikoni, taa imezimwa,
akitafuna vidonge vyeupe, kru, kru,
mpiga lipu anaziba nyufa
kutokea ndani.

Jana alimwita mbwa.
Kwa jina la yule aliyekufa, lakini alimwita.