Chekeche la Milimita Ishirini

Walikuja shuleni na kofia ngumu kumi na mbili,
kampuni inayojenga gati kule Luchelele.
Tukapigwa picha tumezivaa,
kisha wakazikusanya.
Nilidhani ndiyo basi.
Lakini Machi barua ilifika kwa mwenyekiti wa mtaa,
jina langu, Nkwimba, limekosewa herufi moja:
ada ya chuo miaka miwili, nauli, buti,
na nafasi ya mwanagenzi katika maabara ya vifaa.

Mama aliisoma kwa kidole.
Alipofika kwenye buti akauliza namba yangu,
kana kwamba haijui,
yeye niliyevaa kandambili zake tangu darasa la tano.

Mama yangu hugonga kokoto Igogo.
Mwamba huchomwa kwa matairi hadi upasuke,
yeye huuteremsha kwa karai,
hukaa juu ya gunia, mguu huu kushoto, huu kulia,
nyundo ikashuka.
Ndoo kwa ndoo, tripu kwa tripu.
Hana rula. Ana jicho
na kidole gumba kisicho na ukucha.

Maabara ni kontena lenye feni moja.
Mhandisi Rwegoshora hasemi sana.
Siku ya kwanza alinipa fagio,
ya pili fagio,
ya tatu fagio na kitabu cha viwango:
"Ukimaliza kimoja, anza kingine."
Nikajifunza kuwa zege lina umri kama mtoto mchanga,
siku saba, siku ishirini na nane,
kisha mchemraba unabanwa kwenye mashine
mpaka useme ukweli.
Nikajifunza kutoandika namba ninayoipenda.

Alhamisi moja lori la Magafu likamwaga mzigo.
Nilizijua kokoto zile kabla sijaziinamia.
Mtu huujua mwandiko wa mama yake
hata kama mama haandiki.

Nikatikisa chekeche la milimita ishirini: zikapita.
Nikachambua zile bapa, nyembamba kama magamba ya sato,
nikazipima kando.
Asilimia thelathini na nane.
Kitabu kinasema thelathini na tano, mwisho.
Rwegoshora alikuwa nje na simu yake.
Penseli ilikuwa na kifutio.
Feni iligeuka, ikanitazama, ikageuka.

Thelathini na nane. Nikatia saini.

Jioni nilimwambia mama kabla Magafu hajamwambia.
Alikuwa anasonga ugali. Mwiko haukusimama.
"Bapa ndiyo zipi?"
Nikatoa moja mfukoni. Akaigeuza kwenye mwanga wa mkaa.
"Hili ni lile jiwe jeusi," akasema.
"Nililipiga ubavuni, kwa haraka.
Mdogo wako alikuwa amerudishwa nyumbani, michango."

Hakunipongeza. Nisiwadanganye.
Tulikula kimya, na siku tatu
hakuniamsha alfajiri kama kawaida yake;
nilichelewa kazini mara mbili.
Ya nne alinikuta nafunga kamba za buti:
"Kaniletee hicho chekeche chenu nikione."

Rwegoshora alitoa kuukuu, ukingo umepasuka.
Hakuuliza kitu. Kwenye daftari la vifaa aliandika
*limeazimwa, mlimani,*
na sehemu ya tarehe ya kurudisha akaiacha wazi.

Sasa linatoka kwa mama linakwenda kwa Mama Sayi,
kwa yule mjane wa Kikerewe anayefanyia kazi karibu na tangi la maji,
linarudi lina vumbi la nyumba tano.
Wanabishana juu ya bapa
kama watu wanaobishana juu ya bei ya dagaa.
Magafu ameongeza elfu tatu kwa tripu. Walidai tano.

Ripoti ya kampuni, ukurasa wenye ile picha ya kofia,
inasema wamesomesha vijana kumi na wawili.
Sijawaandikia kuwasahihisha.
Asubuhi, kabla sijaamka vizuri, naisikia nyundo ya mama:
siku hizi inagonga, inatulia kidogo,
jiwe linageuzwa,
inagonga.