Namba ya Mguu

Salamu yangu ni namba ya mguu.
Arobaini na mbili? Kaa. Vua kandambili.
Soksi nzito hizi, vaa, funga kamba, simama,
sasa piga ukuta teke.
Kidole kikigonga mbele, kiatu hiki kitakutukana siku ya kushuka.
Ukuta wangu una kovu la miaka kumi na minne,
usawa wa kifundo, rangi yote imebanduka.
Mataifa yamenipiga teke pale.

Makoti nayapata Kiborloni, alfajiri, mtumba ukifunguliwa:
unatumbukiza mkono katika lundo, unatafuta kwa vidole
lile jepesi, lililojaa hewa kama andazi.
Limetoka huko huko walikozaliwa wageni, limevuka bahari;
nalifua, naishona zipu, nalitundika,
na mgeni analikodi, anapanda nalo juu ya mawingu
bila kujua kuwa amevaa jirani yake.

Siku ya saba wanarudi.
Midomo imepasuka, pua imebabuka
kama kiazi kilichosahauliwa jivuni.
Mama, tumefika!
Nasema hongera, naingiza mkono mfukoni mwa koti.
Mfuko hausemi uongo.
Ganda la peremende. Kidonge cha kichwa, nusu.
Tishu iliyokauka na machozi, au makamasi, sikuuliza.
Siku moja, picha ndogo ya mzee kwenye kiti cha bustani:
nilikimbia nayo hadi stendi, basi la Arusha limeshaondoka.
Sasa anaishi ndani ya daftari la madeni.
Nikilifungua, ananitazama.

Mmoja alirudi siku ya tano, kabla ya wenzake,
ameshushwa kwa machela ya gurudumu moja.
Alilipa siku zote saba,
akaniomba radhi kwa buti ambazo hazikuchafuka.
Nilimrudishia elfu kumi. Akaililia ile noti
kuliko alivyokililia kilele.

Na Jumapili moja akaja Ndekirwa, mtoto wa dada.
Mzani wa getini umesoma kilo ishirini, akasema,
shingo ikaongeza zake.
Raba zake zilikuwa wazi mdomo, zinacheka peke yao.
Nikamwonyesha rafu: chagua.
Hizi za wageni, mama mdogo.
Nikamwambia, piga ukuta teke.
Aliugusa kwa ncha tu,
kama anayebisha hodi nyumba asiyoalikwa.
Piga!
Plasta ikadondoka. Tukacheka hadi jirani akachungulia.
Nikaandika daftarini: arobaini na tatu, jozi moja.
Mahali pa bei nikapaacha wazi.

Mimi sijapanda. Watu huniuliza kana kwamba ni deni.
Bibi alitusimulia jinsi Mawenzi alivyochanika uso
kwa kwenda mara tatu kuomba moto kwa jirani mkubwa.
Mimi nina kiberiti changu.

Lakini kuna asubuhi, mvua ikishapita, saa kumi na mbili,
napanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa
kuanika mabegi ya kulalia,
na wingu linafunguka ghafla
kama zipu iliyokubali mshumaa:
Kibo huyo, mweupe, karibu kuliko tangi la maji la Mama Aikande.
Nasimama, kibanio mdomoni.
Mabegi kumi na mawili, ya buluu, ya machungwa,
upepo unayajaza, yana mabega, yana magoti,
yanahema pole pole
kama watu waliolala na mimi niko zamu.

Kisha wingu linajifunga.
Chini, mtu anagonga mlango wa bati.
Nauliza toka huko huko juu:
namba ngapi?