Gunia Moja, Njia ya Rubuguri

Novemba. Kisoro imeamka chini ya turubai la mvua.
Muhavura haupo; umefunikwa shuka mpaka utosini.
Niwagaba anapunguza upepo wa tairi, anausikiliza ukitoka,
pssss, kama mwalimu anayenyamazisha darasa.
"Leo," anasema, "breki ya mbele iache.
Ukiishika, imekushika."

Pikipiki yangu ina kilo mia mbili arobaini na tano.
Niliinunua kwa miaka sita ya kudunga ng'ombe sindano.
Mke wangu aliiita mke mwenza,
na hajawahi kukosea kukipa kitu jina.

Baada ya lami, changarawe.
Baada ya changarawe, kitu ambacho Kiswahili changu hakikijui,
Kiswahili cha kambi ya Bombo, cha baba na buti zake:
si tope, si kokoto,
ni ugali uliosongwa na gololi.

Simama juu ya vikanyagio. Magoti yabane tangi.
Mikono ilegee, kama umeshika kuku wa kuazima.
Shimo usilitazame. Jicho ndilo usukani;
ukilikodolea, utalala nalo.

Haya yote nilikuwa nayajua.

Kijana wa boda akatupita kwenye mlima,
gambuti zimening'inia pande zote mbili kama makasia,
nyuma amefunga godoro, juu ya godoro kakaa shangazi,
shangazi kashika mwavuli.
Hakupiga hata honi.

Kisha nikalitazama ziwa.
Mutanda, kule chini kushoto, ukungu umeinuka kidogo,
na visiwa vimekaa majini kama mafiga
ya mpishi aliyehama bila kuaga.
Nililitazama kwa muda wa kusema "aa."
Gurudumu la mbele likaomba ruhusa
na halikungoja jibu.

Kuanguka hakuna kelele nyingi.
Kuna anga, kuna bega, kuna mdomo umejaa barabara.
Injini ikaendelea kunguruma ubavuni,
gurudumu la nyuma likizunguka hewani, likifanya kazi ya bure.
Nikaizima. Nikaisukuma. Nikaisukuma tena.
Niwagaba alikuwa kona tatu mbele, akidhani niko.

Wakaja wanawake watatu na viazi kichwani.
Wakatua magunia ukingoni, moja moja, bila haraka.
"Mwihangane," alisema mmoja, Nyiransaba,
akakunja kanga, akashika chuma bila kuuliza pa kushika.
Rimwe, kabiri, gatatu!
Mke mwenza akasimama.

Nyiransaba akaizunguka yote,
akagonga masanduku ya bati kwa kifundo cha kidole,
akainama, akachungulia bomba, akauliza:
"Inabeba magunia mangapi?"
Nikasema, hakuna.
"Hata moja?"
Hata moja.
Walicheka mpaka mmoja akashika goti langu asidondoke.

Kwa hiyo gunia la Nyiransaba lilipanda,
likafungwa kwa kamba ya mpira na fundo nisilolijua,
naye akasema, duka la bluu, Rubuguri, mwambie Serugendo
ni ya mama wa mapacha,
na ukilimwaga, nitajua.

Nikaondoka gia ya pili.
Sikulitazama ziwa, sikulitazama shimo.
Nilikuwa na viazi vya mtu mgongoni,
na ile barabara, sijui niseme nini,
ilinipokea.

Niwagaba aliponiona akavua helmeti, akalitazama gunia,
akalitazama bega langu lenye matope.
Nikaanza kumweleza habari ya uzito,
kwamba uzito nyuma unakandamiza tairi.
"Si uzito," akasema. "Umepunguza mwendo."

Duka la bluu lilikuwa limepakwa kijani.
Serugendo alivihesabu viazi vyote,
mbele yangu, kimoja kimoja,
mvua ikitupiga sote.