Kibao Namba Arobaini na Moja

Baraza la mji lilisema teksi sitini na nane zinatosha.
Sitini na nane, hata tisa isisogee,
kana kwamba mvua ya huku Lancashire nayo huomba kibali.

Miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye orodha
nikiendesha gari la kuagizwa kwa simu,
lisiloruhusiwa kuchukua mtu barabarani.
Mikono ilinipungia nje ya stesheni,
nami nikakaza macho mbele
kama mtu aliyekosana na nduguye.

Kila Januari nilimpigia karani wa leseni.
"Bwana Nazakat," akilitafuna jina langu kama gegedu,
"mbele yako wamebaki kumi na tisa."
Mwaka uliofuata: kumi na tisa.
Mji huu hafi mtu, nikamwambia mke wangu,
kisha nikaomba toba,
maana juma lile lile alikufa Bert Entwistle.
Kibao chake akakirithi mjane,
asiyejua kuendesha hata baiskeli.
Anakikodisha. Kinamlipia makaa na meno ya bandia.

Changu kilipokuja nilikifunga nyuma ya gari
kwa skrubu nne, usiku,
mwanangu akinishikia tochi.

Februari baraza likaleta mtu wa kuhesabu.
Kiti cha kukunja, kalamu, chupa ya chai.
Siku ya Jumanne, theluji imechanganyika na maji,
akahesabu teksi zinazongoja watu,
akahesabu watu wanaongoja teksi.
Hakumhesabu Grażyna, msafishaji wa wodi ya wazazi,
ambaye kungoja alikuacha mwaka juzi,
anayepanda kilima cha Clough saa tisa usiku
viatu vya kazini vikining'inia mfukoni.
Aliyekata tamaa hapangi foleni.

Ripoti ikaandika: mahitaji yote yametimizwa.

Usiku wa kura alisimama Zeeshan, mtoto wa dada yangu,
wa ishirini na mbili kwenye orodha,
karatasi ikimtetemeka mkononi.
Akasema watu wanatembea gizani.
Akasema mengine, ila diwani mmoja alikuwa anakohoa.
Wanaotaka ukomo ubaki?
Mikono saba. Wanaopinga, minne.
Nikasikia makofi karibu nami mno,
nikageuka kumtafuta mpigaji,
kumbe viganja ni vyangu.

Husemwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Mimi wangu namjua.
Mimi ndiye niliyemfundisha kurudi kinyumenyume
kwenye uchochoro wa nyuma ya msikiti,
nikimwambia, taratibu, tazama kioo, nafasi ipo.

Jana alinipigia simu. Nilijiandaa kwa matusi.
Akaniuliza hali, akauliza mgongo wangu,
halafu, kwa sauti ya chini:
"Mjomba, ukichoka, kibao utamwachia nani?"

Nikanyamaza.
Nilikuwa namkumbuka aliyenishikia tochi.