Saa Saba

Mjomba Monga ana saa saba.
Simaanishi saa saba ya mchana, jua likichoma mabati ya Katuba;
nasema saa, za mkono, saba,
zimelala ndani ya kopo la biskuti
juu ya pamba aliyoiomba hospitali ya kampuni
mwaka ule hospitali ilipokuwa bado na pamba.
Kando ya kila moja, punje za mchele za kunywa unyevu.
Mwezi wa kwanza, mvua ikizidi, huubadilisha mchele huo,
na mkewe, Mama Feza, huuokota ule wa zamani, akaupika.
"Leo tunakula dakika," husema.

Ukimwuliza mjomba saa ngapi, hutazama simu.
Ukimwuliza kwa nini, hukutazama wewe.

Iko ile ya mnyororo, ya reli, ya baba yake,
kioo chake kina ufa kama njia ya kwenda Likasi.
Iko ya ngozi aliyoipata Ndola kwa kubadilisha na baiskeli,
kisha akaomba lifti ya lori la unga hadi Kasumbalesa.
Iko isiyo na mshale wa dakika. "Hiyo ni ya watu wasio na haraka."
Nyingine sizijui. Hazisemwi.
Na iko ya dhahabu (si dhahabu, rangi tu)
waliyompa alipotimiza miaka ishirini na mitano mbele ya tanuri,
jina lake limechongwa mgongoni, limekosewa: MUNGA.
Aliivaa mara moja, siku ya kupewa,
dakika tano, kwa ajili ya picha.

Jumamosi jioni anazitoa. Anatandika kitenge mezani,
ananawa kama mtu anayekwenda kula bukari,
anazitia ufunguo moja moja, taratibu, sikio karibu.
Zamani king'ora cha kiwanda kiliziweka zote sawa.
Sasa king'ora hakilii, na kila saa ina ukweli wake:
hii inasema kumi na mbili kasorobo, ile na robo,
na nje, nyuma ya mlima mweusi wa takataka za shaba,
jua lenyewe halijaamua.

Niliiba. Niseme hivyo.
Nilikuwa na mahojiano mjini, kwa watu wa mizani ya madini,
na mkono wangu ulionekana mtupu kama ukuta uliotolewa picha.
Alfajiri nikaichukua ile ya MUNGA. Pamba ikabaki na shimo lake.
Ile haitiwi ufunguo; hujitia yenyewe kwa mwendo wa mkono,
kwa hiyo miaka yote ilikuwa imesimama saa nne na dakika nane,
na nilipofika Kamalondo nikihema
ilikuwa imeshaanza kutembea, kimya,
kama mgonjwa anayejaribu kuvuka ua.
Sikuirekebisha. Nikakaa mbele ya wale mabwana watatu
na saa isiyo sahihi ikinigonga mshipani.

Jioni niliirudisha. Niliifuta kwa shati.
Nikafunika kopo. Nikala.

Jumamosi akaiinua, akaishika kiganjani muda mrefu,
akainusa kamba.
Chumvi. Sabuni yangu. Vumbi jekundu kwenye tundu la mwisho,
tundu ambalo mkono wake mnene haujawahi kulifikia.
Mama Feza akaacha kuchambua mchele.

"Ilitembea muzuri?" akauliza.

Sikujua kama anauliza habari za saa au za kazi.
Nikasema: ilichelewa kidogo, lakini ilitembea.
Akaguna. Akairudisha koponi, lakini si katika shimo lake:
aliiweka ukingoni, juu ya mchele mtupu,
pale mfuniko unapoanzia kufunguka.