Karatasi ya Urmas

Tartu, Februari. Urmas Kallaste kaingia
na kikombe kwapani, ndani ya koti la sufu,
kisipigwe na baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Anakikabidhi bila kunitazama, kama mtu anayelipa deni.

Nusu saa nangoja manii yalegee.
Kisha tone moja juu ya kioo chenye miraba,
jicho kwenye hadubini, kidole gumba kwenye kihesabio:
tik. Huyu anakwenda. Tik. Huyu anazunguka palepale
kama mlevi atafutaye mlango wake. Tik.
Huyu ana vichwa viwili, hajui afuate kipi.

Milioni kumi na moja kwa mililita.
Mpaka uliochapwa kwenye fomu ni kumi na sita.

"Basi mimi mgumba?"

Nilitaka kumwambia mpaka huo ulikotoka:
walipimwa wanaume ambao wake zao walishika mimba
kabla mwaka haujaisha,
wakapangwa foleni, tele mbele, haba nyuma,
na mstari ukapigwa huko mkiani,
kwa watano wa mwisho katika kila mia.
Nao watano hao walikuwa baba. Walinunua nepi.

Nilitaka kumwambia kikombe cha leo
huenda kinasimulia homa ya Novemba,
maana mbegu hupikwa siku sabini na ushei.
Na kwamba mwezi jana nilihesabu milioni tisini,
zote mbio, zote na mikia ya kujivunia,
za mtu ambaye mkewe, miaka sita,
hajakosa hedhi hata mara moja.

Hii ni taarifa ya hali ya hewa, si ramli:
inasema mawingu yapo,
haitaji nani atalowa.

Lakini msemaji ni daktari. Mimi mhesabu.

Iko karatasi nyingine, nyumbani,
ndani ya kopo la vifungo la mama.
Baba, Machi 1978. Milioni tatu.
Pembeni mtu kaandika kwa Kirusi, kwa penseli,
neno moja: haiwezekani.
Nilizaliwa Juni, mwaka uliofuata.
Nina pua yake, iliyopinda kushoto.
Au nimeamua kwamba imepinda kushoto.
Siku moja niliuliza. Mama akaendelea
kutunga uzi kwenye sindano.

Nampa Urmas tarehe ya Mei.
Anauliza kama kikombe aje nacho kwapani tena.
Namwambia ndiyo,
ingawa Mei, mtoni hapa,
barafu itakuwa imekwisha kwenda zake.