Upande wa Kushoto

Siku ya tisa Jeerde amekataa shayiri,
na mbwa wetu Uchar analamba mguu uleule wa mbele
mpaka manyoya yamekwisha, ngozi imebaki nyekundu kama ulimi.
Baba akaamua: wagonjwa wawili, dawa mbili,
sindano ya farasi, marhamu ya mbwa, basi.
Nikateremka bonde zima la At-Bashy kumtafuta Daktari Begayim.

Alikuja na mkoba mdogo hata nikaona haya.
Hakuufungua.
Aliomba chai. Aliomba maji wanayokunywa wanyama, akayaonja.
Akauliza malisho ya juu yalifunguliwa lini,
nani kahama, nani kafa tangu theluji ya kwanza.
Baba akaninong'oneza: tumeita tabibu, kaja karani wa sensa.

Kisha akampapasa farasi, macho kayafumba,
polepole, kama mtu achaguaye mchele gizani,
masikio, taya, shingo,
na pale shingo inapoupokea mgongo, upande wa kushoto,
Jeerde akashtuka, ngozi ikamcheza kama maji yaliyotupiwa kokoto.
Daktari hakusema kitu.
Akavunja kinyesi kwa vidole, akakinusa.
Akalala chini kifudifudi kando ya Uchar, koti na yote,
aone dunia mbwa anayoiona.
Kutoka pale chini akauliza:
Huyu hulala wapi?

Nikajibu, zamani mlangoni pa zizi.
Tangu vuli tunamfunga kule nyuma ya trekta bovu.
Kwa nini?
Anabweka usiku.
Saa ngapi?
Saa nane. Kila siku saa nane.
Nani huwa macho saa nane?
Nikamtazama baba. Baba akatazama mlima.

Akainuka, akalipindua tandiko:
sufu ya kulia nene, mpya kama siku iliyoshonwa,
ya kushoto imelika, nyembamba kama ganda la kitunguu.
Ndugu Saparbek, akasema, hebu panda.
Baba akatafuta jiwe la kukanyagia,
baba ambaye alikuwa akirukia farasi anayekimbia!
Akashika singa kwa mikono miwili, akajivuta,
akakaa kama gunia lililofungwa vibaya.
Shuka.
Akashuka kama anayekosa kipago cha ngazi.

Ndipo yakatoka: barafu ya mtoni, mwezi wa pili, nyonga,
na ile aibu ya mwanamume wa milimani kusema ameanguka.
Usiku maumivu yakimwamsha, alizunguka zizi akiguguna mkono wa koti
ili sisi tusisikie.
Mbwa alisikia. Mbwa alituita.
Tukamfunga mnyororo.

Mficha maradhi, husemwa, kilio humuumbua.
Baba yangu aliumbuliwa na farasi.

Mkoba ukafunguliwa mwishowe. Daktari akatoa dawa ya minyoo:
msidhani naichukia dawa, alisema,
ila kwanza najua naitia ndani ya nani.
Jeerde asibebe kitu siku arobaini,
arudi kwa wenzake, ale nyasi za juu akiwa anatembea.
Mguu wa Uchar uoshwe kwa maji ya chumvi,
na mnyororo, akauchukua mwenyewe, akautia garini,
nao tukaulipia kama sehemu ya matibabu.
Mgonjwa wa tatu aende Naryn, akapigwe picha ya mifupa.

Baba aligoma siku mbili. Ya tatu akaenda.
Uchar alilifukuza gari hadi darajani, akaketi pale hadi giza.

Usiku ule nilisikia Jeerde anatafuna,
sauti ile nzito, ya meno yasiyo na haraka.
Nilikuwa nimeisahau.
Nikakaa nje kwenye baridi, nikaisikiliza tu.

Nyonga haijapona sawasawa. Huenda haitapona.
Manyoya ya mguu wa Uchar yameota meupe.
Na saa nane, usiku mmoja mmoja, bado hubweka.
Sasa tunaamka.